Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mama Sufi alipiga magoti juu ya godoro, akaliminya kona kwa ngumi, akalisukuma kwa goti, na bado lilikataa kuingia. Kitanda kilikuwa kipya, kimepigwa msasa na vanishi hadi kinang'aa, na mteja alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akisubiri kupakia. Upande mmoja godoro lilikaa sawa. Upande wa pili lilipanda juu ya mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, likabaki limebinuka kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Fundi," alisema bila kugeuka. "Uliniambia futi nne."

"Ni futi nne."

"Pima."

"Nipime nini? Si naona."

Huyo fundi alikuwa mume wake, na kwa maneno kama hayo watu walimbandika jina la Fundi Jicho. Kupima kwa tepu aliona ni kuyadharau macho aliyopewa na Mungu. Alikuwa akiutazama ubao, anafumba jicho moja, anakata. Mara nyingi alikosea kidogo tu, upana wa kidole kimoja au viwili, na kama angekuwa fundi wa meza na mabenchi hakuna ambaye angegundua. Lakini kitanda kina godoro, na magodoro ya karakana ile yalishonwa na mke wake, mtu wa tepu, chaki na uzi ulionyooka.

Mteja alikohoa. "Sasa, mama, nichukue au nisichukue?"

"Chukua tu, ndugu yangu," Fundi alimjibu. "Ukililalia siku mbili tatu litajipanga lenyewe."

"Halijipangi," alisema Mama Sufi. "Nipe hadi mchana nilifumue."

Akalifumua, akapunguza, akalishona upya, huku mume wake akipiga mluzi na kupanga misumari. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Godoro lilifumuliwa, kitanda hakikuguswa. Ukimuuliza Mama Sufi alifanya kazi gani maishani, alikuwa akikujibu kwamba kazi yake ilikuwa kusahihisha macho ya mtu mwingine.

Sufi, yale manyoya meupe ya mti wa msufi yanayojaziwa magodoro, aliijua tangu utotoni. Alilelewa na shangazi yake, mshonaji wa magodoro, katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa na manyoya meupe juu yake: maji ya kunywa, nywele, nyusi, daftari za shule. Shangazi huyo alipenda kumsimulia habari za malazi kama wengine wanavyosimulia habari za ukoo. Bibi yake shangazi alilala juu ya ngozi ya ng'ombe. Mama yake akalala kwenye mkeka, na wageni wakija anatandika miwili. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilalia gunia lililojazwa majani makavu, na kila alipojigeuza lilitoa sauti kama mtu anayetafuna, hadi dada zake wakamkataza kujigeuza. Kwa hiyo siku aliyolalia godoro la sufi kwa mara ya kwanza, kwa watu aliokwenda kuwasalimia, alisema alihisi amelala juu ya pumzi. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshaamua kazi atakayofanya.

Kazi yenyewe haikuwa pumzi hata kidogo. Sufi inachambuliwa mbegu moja moja. Inapigwa kwa fimbo ili ifumuke, nawe umejifunga kitambaa puani. Inajazwa kwenye mfuko wa kitambaa kizito cha mistari, kidogo kidogo, kona kwanza, kisha inachomwa kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, kutoka juu hadi chini, na kila tundu linafungwa fundo ili sufi isihame. Ukikosea hapo, baada ya miezi michache mwenye godoro analala juu ya mabonge. Shangazi hakuvumilia mabonge. Alikuwa akimfumulisha mtoto wa ndugu yake godoro zima kwa sababu ya bonge moja la ukubwa wa yai. Mama Sufi alikua kazi hiyo ikiwa ndani ya vidole vyake, na hasira ya bonge akairithi pia.

Fundi alitoka upande mwingine kabisa. Kwao walikuwa wawambaji wa vitanda vya kamba. Baba yake alichonga matendegu, yaani miguu minne ya kitanda, akaunganisha mifumbati, kisha akawamba kamba ya katani, akivuta kwa mguu na meno. Kazi hiyo haikuhitaji tepu. Kitanda kikienda upande, kamba inavutwa zaidi huku, inalegezwa kule, mambo yanakwisha. Kamba ilikuwa inasamehe. Fundi alikua akiamini kwamba kila kitu duniani kinasamehe namna hiyo, na ubao haukuweza kumwondoa katika imani hiyo hata uliposhindwa kabisa kusamehe.

Walipooana, wazazi wa bwana harusi waliwapa kitanda cha kamba, kimewambwa na mzee mwenyewe. Kilikuwa kizuri kwa macho. Tatizo lilianza mtu alipokilalia. Kila mmoja alilala upande wake, na asubuhi waliamka wamerundikana katikati kama viazi ndani ya gunia. Mama Sufi akalalamika kwa mama mkwe.

"Kimelegea tu, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Kikilegea, unakaza."

"Mama, nimekaza juzi."

"Basi kaza na leo. Kitanda ndivyo kilivyo."

Alikaza. Alikaza hadi viganja vikafanya sugu mahali ambapo shazia haikuwahi kufika. Godoro lake zuri la sufi likachukua alama za kamba, likawa na miraba kama dirisha. Kisha kunguni wakajificha kwenye mafundo, na kila baada ya muda kitanda kilitolewa uani, kikamwagiwa maji ya moto, kikagongwagongwa chini na kuachwa juani siku nzima. Majirani walipita wakitazama pembeni kwa adabu, jambo lililomuudhi zaidi kuliko kama wangecheka. Kila alipogusia habari ya kutafuta kitanda kingine, Fundi alisema, "Baba amekiwamba kwa mikono yake," na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipopata ujauzito, mambo yalimfika shingoni. Tumbo lilipokua, hakuweza tena kujiinua kutoka katika lile shimo la katikati. Kila asubuhi Fundi alisimama pembeni, akamshika mikono yote miwili, akamvuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani, huku akicheka. Siku moja alimwachia mikono kabla hajasimama vizuri, mkewe akarudi shimoni.

"Fundi," alisema akiwa amelala chali, akitazama dari. "Nataka kitanda cha mbao, chenye chaga za kubeba godoro. Kitanda kisichonimeza."

Sauti yake haikuwa na mzaha. Fundi aliacha kucheka, akatoka, na jioni ile ile mbao zikaanza kuingia chumbani.

Ziliingia chumbani kwa sababu ilikuwa masika na karakana ilivuja. Alizikata pale pale, kwa jicho. Alitoboa matundu, akachonga ndimi za kuingia humo, akaunganisha kwa vigingi vya mbao na gundi, bila skrubu hata moja, maana skrubu aliziona ni kazi ya watu wasiojiamini. Mbao zilikuwa ngumu, za kudumu vizazi. Alipomaliza, kitanda kilijaza chumba kiasi kwamba kabati lilibidi lihamie sebuleni. Mama Sufi, mkono kiunoni, alisimama kwenye kile kipande cha sakafu kilichobaki, akatazama kitanda, akatazama mlango, akarudi kutazama kitanda.

"Hiki ni kitanda au ni shamba?"

"Si ulitaka kikubwa?"

"Nilisema kisinimeze. Sikusema kimeze nyumba. Na kitatoka vipi humu ndani?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Kitoke kwenda wapi?"

Mama Sufi alichukua tepu. Kichwani kitanda kilikuwa na upana mmoja, miguuni upana mwingine, tofauti ya kiganja kizima. Alipomwonyesha, Fundi alisema tepu imelegea. Kwa hiyo akashona godoro lenye umbo la kitanda, pana huku, jembamba kule, la kwanza na la mwisho la aina yake. Lilikula sufi ya magunia na magunia, na alilimaliza siku chache kabla binti yao hajazaliwa. Lilikuwa zito mno. Kulianika kulihitaji watu wanne, na siku lilipoanikwa ukuta wa ua uliinama upande. Kila kiangazi alilifungua, akaipiga sufi, akaijaza upya. Mtoto alikua akiamini kwamba mama yake amevaa manyoya kama ndege. Ndipo watu wakaanza kumwita Mama Sufi.

Kisha ikaja sponji.

Mwanzoni aliidharau. Alikata kipande kwa msu, kile kisu kirefu, akakiminya, akakiachia, kikarudi kama kilivyokuwa. "Haina adabu," alisema. "Ukiiambia kitu haisikii." Lakini wateja waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Haikuhitaji kupigwa fimbo wala kuanikwa, na mtu mmoja aliweza kuibeba kichwani hadi nyumbani. Magodoro ya sufi yakaanza kuonekana kwenye majalala, yamepasuka, upepo ukisambaza manyoya mtaani kote. Mama Sufi alipita pale akiona mafundo yake mwenyewe, akanyoosha shingo na kuendelea na safari.

Hakukaa kulia. Alijifunza kukata sponji, akashona mifuko yake, akaweka zipu. Aliyetaabika zaidi alikuwa mume wake, ingawa hakukiri hata siku moja. Sponji ilitoka kiwandani na vipimo vyake: futi tatu, tatu na nusu, nne, tano, sita. Sasa hapakuwa tena na mtu wa kufumua godoro ili kulificha kosa la kitanda. Wateja wakaanza kurudi.

"Fundi, godoro linacheza. Hapa pembeni mtoto ameingiza mguu, umekwama."

"Mtoto alale katikati."

"Fundi, godoro limepanda juu ya ubao kama paa."

"Hao wa kiwandani hawajui kukata."

Mama Sufi alisikia hayo yote akiwa amekaa kwenye kigoda na mkasi wake. Alikuwa akimfuata mteja hadi nje, anamwomba vipimo, anamkatia ukanda wa sponji wa kujazia pengo, au anampunguzia kwa msu pale palipozidi. Akirudi ndani, Fundi alimuuliza, "Ametulia?" naye alijibu, "Mimi ndiye sijatulia." Kuna siku alinunua tepu mpya kabisa, akaitundika kwa msumari mbele ya benchi la kazi, usawa wa pua ya mume wake. Fundi aliitumia kufungia rundo la mbao.

Kile kitanda cha chumbani hakikupata sponji iliyokitosha. Waliunganisha magodoro mawili na kipande cha tatu chenye umbo la kabari. Kabari ilitoroka kila wiki. Mama Sufi aliijaribu kwa pini, kwa uzi, kwa gundi, mwishowe akaacha, akawa analala na mkono mmoja umeishikilia.

Binti yao alipomaliza masomo alipata kazi kwenye duka la magodoro ya springi, duka kubwa lenye vioo na kiyoyozi. Siku moja alifika nyumbani na furushi limezungushwa nailoni, limebanwa na kukunjwa kama mkeka, jembamba kiasi cha kukaa begani.

"Zawadi yenu," alisema. "Baba, sogea kidogo."

"Nisogee kwa nini? Kitu chenyewe hicho?"

Alipoikata nailoni, furushi likavuta pumzi. Likajinyoosha, likavimba, likazidi kuvimba, likamsukuma Fundi hadi ukutani, akabaki amesimama kwenye kona na mikono juu. Mama Sufi alikaa chini kwa kicheko, na ilikuwa zamani tangu acheke hivyo.

"Hili, mama, linafuata umbo la mwili," binti alieleza kwa sauti ya dukani. "Ukilala, linajibonyeza pale ulipo wewe tu."

"Sufi nayo ilifuata umbo la mwili," alisema mama yake akijifuta machozi. "Tuliita mabonge."

Walilitandika. Lilikuwa la futi sita kwa sita, kubwa kuliko yote dukani. Kwenye kile kitanda lilielea kama kisahani juu ya sinia. Ulipokaa pembeni liliteleza, likazama kati ya mfumbati na chaga, likakuinua upande wa pili. Binti alipima kitanda cha wazazi wake kwa mara ya kwanza maishani, akapima tena, akaandika kwenye kiganja, akamtazama baba yake.

"Baba, hiki kitanda hakina pembe mraba hata moja."

"Godoro lako ndilo dogo," alisema Fundi kutoka kwenye kona.

Godoro la springi likarudishwa dukani, na wao wakarudi kwenye kabari yao.

Nyumba haikuwa yao, walipanga. Mwenye nyumba alipofariki, mwanawe alikuja kuwaona, kijana mpole, akaeleza kwamba anarudi kuishi na familia yake na anawaomba wahame, wasiharakishe. Mama Sufi hakumlaumu. Alitafuta nyumba nyingine karibu na karakana, ndogo, yenye chumba kimoja kinachopitisha hewa vizuri, akaanza kufunga vyombo. Fundi alisaidia kwa moyo wote. Alibeba kabati, masufuria, cherehani, kuku. Chumbani hakuingia.

Siku ya kukabidhi funguo, yule kijana alikuja akakuta nyumba imefagiliwa, na ndani ya chumba cha kulala kitanda kikiwa kimekaa kama mwenyeji.

"Mzee, hiki kinatokaje?"

"Hilo lisikusumbue, mwanangu. Tunabomoa hapa mlangoni kidogo, tunakipitisha, najenga mwenyewe nakupakia na rangi."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi alifumba jicho moja, akatazama ukuta. "Kidogo tu."

"Usimwamini," alisema Mama Sufi. "Hiyo kidogo yake itaishia barabarani."

Kijana alisema, kwa heshima zote, kwamba ukuta hataki uguswe, na kwamba mke wake anakuja na kitanda chake. Akatoka nje kuwaachia nafasi. Fundi alikaa katikati ya kitanda kitupu, juu ya chaga, akakunja mikono.

"Kikatwe," alisema Mama Sufi.

"Hakikatwi."

"Baba yangu, tumekabidhi funguo. Utakaa hapo ukiwa samani ya watu?"

Fundi alijikita zaidi juu ya chaga. Mama Sufi alimsihi, akamgombeza, akamtisha kwamba atamwita binti yao, akatulia, akaanza upya. Alikumbuka kila mteja aliyemfuata nje kwa aibu, kila godoro alilofumua, ile kabari aliyoishikilia usingizini, na akajisikia amechoka uchovu ambao hakuna malazi yanayoutibu. Akaondoka, akaenda karakana, akarudi na msumeno.

"Shuka."

"Sishuki."

Mama Sufi akaanza kukata, Fundi akiwa bado juu. Hakuwa ameshika msumeno maisha yake yote. Aliuweka kwenye mfumbati, akausukuma, ukaruka, ukachana ubao juujuu, akausukuma tena ukaenda mshazari, ukakwama. Alivuta kwa nguvu, jasho likimwingia machoni. Fundi alitazama ule mkato uliopinda. Alijizuia kadiri alivyoweza.

"Unaharibu mbao," alisema.

"Naharibu, ndiyo."

"Unasukuma. Msumeno hausukumwi hivyo, unaanza kwa kuuvuta. Na unauegemea mno. Hebu, hebu lete hapa."

Akashuka, akamnyang'anya, akakata mwenyewe. Alikata taratibu, vumbi likimwagika miguuni, na Mama Sufi akashika ncha ya ubao ili isipasuke. Mfumbati ulikatika upande mmoja, wakahamia wa pili.

"Mkunga alisema usibanwe," Fundi alisema ghafla, bila kuinua uso.

"Nani?"

"Yule mkunga. Ulipokuwa na mimba. Alisema mtoto amekaa vibaya, mama alale kwa nafasi, ajigeuze atakavyo. Nikasema basi nikupe nafasi. Sikujua nafasi ni kiasi gani, nikaongeza. Kisha nikaongeza tena."

Mama Sufi aliuachia ubao. Ukaanguka, ukamkosa mguu kidogo.

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza kama ni shamba."

Mama Sufi alijipangusa vumbi la mbao usoni. Akainama akaushika ubao tena. "Kata," alisema. "Na ukate kwa kunyooka, kwa mara moja tu maishani mwako."

Mbao zile zilitoka mlangoni vipande vipande, na kwenye karakana walikubaliana kutengeneza vitanda viwili vya futi tatu tatu, maana chumba kipya hakikuweza kumeza kikubwa zaidi. Mama Sufi aliweka sharti. Fundi aweke alama kwa jicho, yeye apime kwa tepu, ndipo akate. Ilikuwa kazi ya kugombana kuanzia asubuhi hadi chai na kuanzia chai hadi mchana. Fundi alifumba jicho, akachora, akarudi nyuma kifua mbele. Mama Sufi alivuta tepu, akasema, "Nusu kidole," akachora upya. "Kidole kizima." "Nusu." Kwenye ubao mmoja, ule wa kichwani kwa kitanda cha pili, jicho na tepu vilikubaliana hadi kwenye unywele. Mama Sufi hakumwambia. Alisugua alama kwa kifutio kana kwamba anasahihisha, akaichora pale pale.

Binti yao alileta magodoro mawili ya futi tatu. Safari hii hakuna aliyepiga goti. Yaliingia kwa ulaini, la kwanza na la pili, yakakaa sawa pande zote, na Mama Sufi akabaki amesimama na mkasi mkononi asijue aufanyie nini.

Alilala vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alijinyoosha, mikono huku na huku, hakushikilia kitu. Aliamka uso umetulia, na hata mafua ya asubuhi yakampungua. Fundi ndiye aliyeharibikiwa. Alisema kitanda ni chembamba kama jeneza. Alisema chaga zinasema. Alisema dirisha liko upande mbaya.

Siku moja Mama Sufi aligundua, akifagia, kwamba kitanda cha mume wake kimesogea. Akakirudisha. Kesho yake kilikuwa kimesogea tena.

"Fundi, kitanda chako kinatembea?"

"Nilikuwa natafuta kandambili."

Akakirudisha. Kikasogea. Siku nyingine alisema sakafu imeinama, siku nyingine alisema anakwepa upepo. Kandambili, sakafu, upepo, hadi vitanda vikagusana, na Mama Sufi hakuwa na nguvu tena ya kuvitenganisha.

"Ungesema tu," alimwambia asubuhi moja, ufagio mkononi.

"Niseme nini?"

"Basi, yaishe."

Lakini vitanda viwili vikikutana, katikati kunabaki mwanya. Wiki ile ile mguu wa Fundi ukazama humo hadi gotini, na akatangaza kwamba hii ndiyo shida ya vitu vya kupimwa. Mama Sufi akaitafuta sufi. Haikuwa rahisi. Maduka yote aliyoyajua yalikuwa yameacha kuuza, na vijana wa sokoni walimuuliza sufi ni kitu gani. Mwishowe alimpata mama mmoja aliyekuwa na mito ya zamani stoo, wakazungumza muda mrefu juu ya mbegu na vumbi, akarudi na kifuko. Alikaa kwenye mwanga wa mlango, akajifunga kitambaa puani, akaichambua, akaipiga, akaishindilia ndani ya ukanda mrefu mwembamba wa kitambaa cha mistari, akaufunga mafundo kwa shazia. Manyoya yalimwingia nyusini. Fundi alipopita alimpangusa kwa kidole gumba, akaendelea na shughuli zake kama hajafanya kitu.

Ukanda ule unatosha pengo kwa juu, lakini hauwezi kutulia. Kila baada ya siku chache unateleza, unadondoka uvunguni, na Mama Sufi anapiga magoti, anauvuta, anaukung'uta, anaushindilia tena mahali pake, akigomba tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi anasimama pembeni na kumwelekeza namna bora ya kuusukuma, kazi ambayo mpaka leo hajaifanya hata mara moja.